Mtoto akianza tiba ya usemi, nenda na anayeshinda naye

Wazazi wengi tukienda kwa mtaalamu wa usemi kwa mara ya kwanza, tunakwenda kama tunaompelekea fundi redio: tunakabidhi, tunakaa kwenye benchi la nje, tunasubiri tuitwe tuambiwe imepona. Kumbe mnaingia wote, mnakalishwa kwenye jamvi, na maswali mengi yanawaelekea nyinyi kuliko mtoto. Kwetu sisi swali lililogeuza mambo lilikuwa jepesi tu: mchana mtoto anashinda na nani?

Mimi natoka nyumbani alfajiri kuwahi daladala, baba yake hivyohivyo, na jioni foleni ya Dar es Salaam inatufikisha mtoto akiwa ameshaanza kusinzia. Anayemwogesha, anayemlisha uji, anayekwenda naye gengeni kununua nyanya na vitunguu ni dada wa kazi. Mtaalamu akaandika, akainua kichwa, akasema, "Basi, mama, safari ijayo njoo na dada."

Naandika haya kwa mzazi aliyekwisha kupewa tarehe na hajui kinachomsubiri.

Kabla ya kufika huko utakuwa umeshapita kwenye baraza la ndugu. Kwetu bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza: watoto wa kiume huchelewa, na baba yake huyu naye alisema akiwa mkubwa, mbona leo hanyamazi? Humo mna ukweli. Wavulana wanaochelewa kusema ni wengi kuliko wasichana, na watoto wengi ambao wana maneno machache wakiwa na miaka miwili huja kuwafikia wenzao bila tiba yoyote. Shida ni kwamba hakuna kipimo cha kukuhakikishia kuwa wako ni wa kundi hilo. Na ile habari ya baba kuchelewa, ambayo bibi anaitoa kama faraja, mtaalamu aliiandika kwa makini kuliko mengine yote, maana kuchelewa kusema hutembea katika ukoo, na mtoto mwenye ndugu wa hivyo hapaswi kuachwa asubiri tu.

Wengine watakwambia ukamkate kimeo. Usifanye hivyo. Kimeo hakimzuii mtoto kusema, na watoto wanaokatwa na mafundi wa mitaani hufikishwa hospitali wakivuja damu au wakiwa na maambukizi kooni. Ulimi ulioshikwa na utando chini yake nao hulaumiwa sana. Unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kutamka sauti chache, lakini mtoto wa namna hiyo bado husema. Atasema kwa kitembe, ila atasema. Asiyekuwa na maneno kabisa ana sababu nyingine ya kutafutwa.

Je, uende lini? Mtoto wa miezi 12 asiyegeuka akiitwa jina lake, asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu, wa miezi 18 asiye na neno hata moja, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno: hao wote wapelekwe. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha yakapotea apelekwe wiki hiyohiyo. Hapo kwenye kuunganisha maneno mtaalamu anayejua lugha yetu hatahesabu kama wanavyohesabu Kiingereza, kwa sababu mtoto akisema "sitaki" ameshamtaja mwenyewe, amekataa na ametaja kitendo, yote kwa pumzi moja.

Siku ya kwanza nenda na kadi ya kliniki, ile ya chanjo na uzito. Utaulizwa mimba ilikuwaje, mtoto alilia papo hapo alipozaliwa au alichelewa, aliwahi kuwa na manjano, degedege, homa ya uti wa mgongo, malaria kali ya kulazwa. Hayo si maswali ya kujaza fomu. Watafiti wa Kilifi, Kenya, waliowafuatilia watoto waliopona malaria kali walikuta baadhi yao wamebaki na shida za usemi na lugha miaka baadaye, wakati nyumbani watu walishasahau kuwa aliwahi kuugua. Utaulizwa pia alikaa lini, alitembea lini, anatafuna nyama au bado anasagiwa, anapotaka kitu anakuonyesha vipi. Hili la mwisho lijibu kwa mapana. Mwanangu alikuwa akinishika mkono ananiburuta hadi kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mtaalamu alifurahi kulisikia, kwani mtoto anayekuburuta anajua kwamba wewe ndiye njia ya kupata anachotaka. Mawasiliano yapo, kilichokosekana ni maneno.

Wakati nyinyi mnajibu, mtoto anacheza, na hapo ndipo anapopimwa. Utaona vikombe, gari, mdoli, mpira, picha, ukadhani ni vitu vya kumtuliza. Mtaalamu anatazama kama mtoto anamnywesha mdoli chai au anazungusha tairi la gari peke yake kwa nusu saa, kama anakuletea kitu ukione, kama akiambiwa "chukua kikombe" bila kuonyeshwa kwa kidole anakichukua. Akilia saa nzima na kujificha nyuma ya kanga yako, usione aibu wala usimfinye. Wamezoea, na watakuomba video za simu ukiwa nyumbani unacheza naye. Mimi ningekushauri uzirekodi mapema, fupifupi, mtoto akiwa hajui.

Halafu masikio. Hakuna mtaalamu makini atakayeanza tiba kabla hajajua mtoto anasikia kiasi gani. Kila mzazi anaapa kwamba wake anasikia: mbona nikichana pakiti ya biskuti anakuja mbio? Mtoto anaweza kusikia biskuti na mlango na honi ya bodaboda, lakini asisikie vizuri s na f na sh, na maneno yakamfikia yamekatwakatwa. Mdogo hupimwa akiwa amelala, kwa kifaa kinachowekwa sikioni na kusoma jibu la sikio lenyewe, yeye hafanyi kitu. Mkubwa kidogo hufundishwa mchezo: ukisikia mlio, tia kijiti kwenye ndoo. Mara nyingi kinachokutwa ni majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, na hilo lina tiba. Na hata aliyezaliwa hasikii kabisa si wa kukatiwa tamaa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio mwaka 2017. Kabla ya hapo familia zililazimika kwenda nje ya nchi, India hasa. Ila kifaa hicho peke yake hakimfundishi mtoto lugha. Baada ya upasuaji ndiyo kazi ya usemi inaanza.

Mkitoka, simu itaita kabla hamjafika kituoni. Amepewa dawa gani? Jibu ni hakuna. Hakuna sindano, hakuna sharubati, na mtu atakayekuuzia vitamini ya kumfanya mtoto aongee muage. Pengine utapewa jina la tatizo, pengine hutapewa siku hiyo. Kuchelewa kusema tu ni kitu kimoja; shida ya kujenga lugha yenyewe ni kingine, nayo si adimu, kwani utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulikuta watoto kati ya 7 na 8 katika kila 100 wanaoanza shule wanayo, bila kuwa viziwi wala kuwa na ugonjwa mwingine unaoieleza. Usonji, ile hali ya ukuaji inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, ni kitu kingine tena, na ukishukiwa mtaelekezwa kwa daktari wa watoto pia. Wazazi wengine hukasirika wasipopewa jina. Mimi niliona heri mtaalamu anayesema "nipe miezi mitatu nimtazame anavyojifunza" kuliko anayebandika jina kwa dakika ishirini.

Sasa nirudi kwa dada, maana hapo ndipo penye uzito.

Alikuja na kanga yake, akakaa karibu na mlango kama mtu aliyeitwa kuulizwa habari ya kitu kilichopotea. Mtaalamu akamwita katikati ya jamvi, akampa kopo la plastiki lenye mfuniko mgumu, ndani mna vipande vya embe, akamwambia: mpe, halafu usifanye lolote. Mtoto akahangaika na mfuniko, akamtazama dada, dada akatulia. Mimi pale pembeni mikono ilikuwa inaniwasha. Sisi wazazi wa jioni tuna haraka. Tunamhurumia mtoto tuliyemkosa kutwa nzima, tunafungua kopo kabla hajaomba. Dada alikaa kimya mpaka mtoto akamsukumia kopo na kutoa sauti, "aaa". "Fungua," dada akasema, akafungua. Akafunga tena, kama alivyoelekezwa. Zoezi zima lilikuwa hilo.

Mengi ya tiba ya usemi kwa mtoto mdogo yanafanana na hilo, na mtu akichungulia dirishani ataona watu wanalipwa kwa kucheza. Unasubiri kwa makusudi, unahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Unampa vitu viwili achague, ndizi au embe, hata kama unajua anataka embe. Unasema unachofanya wakati unakifanya: tunamimina, tunakoroga, moto, pulizaaa. Akisema "maji" wewe unamwongezea kidogo tu, "maji baridi", bila kumlazimisha arudie. Akisema "gari yangu" humsahihishi, unasema tu "ehee, gari lako" na maisha yanaendelea. (Ingawa mtaani kwetu wakubwa wote tunasema gari yangu, kwa hiyo hapo mtaalamu alicheka na kuliacha.)

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kuacha kumhoji. Sikiliza nyumba yenye mtoto asiyesema utasikia mtihani kutwa nzima: hii nini? sema mpira! sema! Mgeni akiingia ndiyo balaa: msalimie mjomba, sema shikamoo, sema nikusikie, wewe mtoto mbona hivyo? Mtoto anajifunza kwamba maneno ni kitu cha kudaiwa. Lakini mtaalamu hakutuambia tuache shikamoo. Alitwambia tuitumie vizuri, kwa sababu desturi zetu za kuitikiana zina kitu adimu kwa mtoto wa namna hii: nusu ya pili inajulikana kabla haijasemwa. Akafunika mdoli kwa kitambaa, akagonga sakafu. "Hodi!" Kimya. Akajiitikia, "Karibu!", akafunua. Tena, na tena, mpaka siku ile kimya kilipojazwa na "bu!" ya mwanangu. Nyumbani tukafanya hivyohivyo kwenye kila mlango, hata wa choo. Bibi akaleta paukwa, akasubiri pakawa, akawa mwalimu bora kutuzidi wote, na maneno ya wavulana huchelewa yakaisha.

Mapovu ya sabuni utayaona karibu kila kliniki. Wazazi huambizana kuwa ni ya kumkaza mtoto midomo. Kupuliza mapovu, filimbi au mshumaa hakumfundishi mtoto kutamka, na tafiti hazijaonyesha kuwa mazoezi ya namna hiyo yanasaidia matamshi. Mapovu yapo kwa sababu yanaisha, na yakiisha inabidi uombe. "Tena" lilikuwa miongoni mwa maneno yake ya mwanzo kwa ajili hiyo.

Usishangae pia ukifundishwa ishara za mikono au ukipewa picha za kuonyesha. Ndugu watasema mnamfanya bubu. Tafiti zinaonyesha kwamba ishara na picha hazimzuii mtoto kusema, na wengine ndiyo zinawafungulia njia, kwa sababu mtoto anayeeleweka hapigi kelele wala kung'ata, anabaki na utulivu wa kusikiliza.

Suala la lugha litakuja, lazima. Dada wetu wa wakati ule alitokea Singida na Kinyaturu ndicho alichokulia. Sisi tuna Kiswahili, na simu ina Kiingereza. Mwanangu aliweza kuhesabu wani hadi teni na kutaja rangi kwa lafudhi ya Marekani, lakini hakuweza kuomba maji. Wazazi wa mjini tunalijua hilo vizuri, na wengine tunajivunia. Mtaalamu alituambia lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto, na kwamba maneno yake yahesabiwe yote, ya kila lugha. Alimwambia dada aongee naye kwa lugha inayomtoka bila kufikiri, hata kama ni Kinyaturu. Cha kupunguza ni simu, kwa sababu simu haimsubiri mtoto ajibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Kwetu ilikuwa inawashwa ili dada apate kupika. Tukakubaliana mtoto akae jikoni, apewe mwiko na sufuria tupu, na mapishi yakawa somo. Na dada tukamwongezea mshahara, maana kazi iliongezeka. Hilo mtaalamu hakulisema, nalisema mimi.

Wataalamu hawa ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na kwa miaka mingi waliohitimu pale pamoja na waliosomea ng'ambo ndio walioigawana Afrika Mashariki yote. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili nacho sasa kinafundisha fani ya usikivu na usemi. Mikoani bado utasafiri. Kwa hiyo usitarajie vipindi vya kila siku. Wengi hupata dakika 30 hadi 45 kwa wiki, wengine mara moja kwa mwezi, na gharama hutofautiana sana kati ya hospitali ya umma na kliniki binafsi. Uliza bima yako inalipia nini kabla hujaanza, tena uulize kwa maandishi. Ukikosa nafasi ya kila wiki usivunjike moyo, mradi kila kipindi utoke na jambo moja la kufanya nyumbani. Ukitoka na mambo manane hutafanya hata moja.

Vifaa navyo ni mtihani. Kliniki moja tuliyopita mwanzoni ilimwonyesha mwanangu kadi za kindi, mtu wa theluji na kibaniko cha mkate, akaandikiwa kuwa hajui. Nani nyumbani kwetu anajua? Mtaalamu tuliyetulia naye alijichorea zake: ndoo, jiko la mkaa, daladala, embe, kuku, ungo. Uchunguzi wa kweli wa mtoto wa Kiswahili unawezekana. Huko Kilifi watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, mzazi anaulizwa kwa mdomo mtoto anajua lipi, hata kama mzazi huyo hajui kusoma. Ukiona mwanao anapimwa kwa kadi za nchi ya baridi, una haki ya kuuliza.

Maendeleo hayaji kwa mstari. Kwetu kilichotangulia hakikuwa neno, kilikuwa macho: alianza kututazama akitaka kitu. Kisha kidole. Kisha maneno yakaja kwa mkupuo, yakasimama, na katikati ya kusimama huko dada akaenda kwao sikukuu na hakurudi. Anayejua nyumba za mjini hatauliza kwa nini. Akaja mwingine, msichana mzuri tu, ila alimhudumia mtoto kwa ukimya na wepesi, kila kitu kinafika kabla hakijaombwa. Wiki chache tu mtoto akarudia kuburuta mkono. Nikampigia mtaalamu nikitaka kipindi cha mtoto, akanipa cha dada, peke yake, saa nzima, bila mtoto.

Maneno yakishakuwa mengi kazi hugeuka, inakuwa ya sauti. Mwanangu k zake zote zilikuwa t. Kaka alikuwa tata, kuku alikuwa tutu, na kiti, mbele ya wakwe, kilikuwa titi. Mtaalamu akaweka mezani picha mbili, kaa wa baharini na taa. Mtoto akataka kaa, akasema "taa", akapewa taa. Akasukuma. "Taa!" Akapewa taa tena, kwa upole, bila kumcheka. Siku hiyo aliondoka amekasirika. Baada ya vipindi kadhaa alianza kusita kabla ya neno, unaona ulimi unatafuta nyuma ya kinywa, na ikatoka "kkkaa" iliyokwaruza. Ile r aliyoifanya l mtaalamu hakuigusa. Watoto wengi wa umri wake hawajaipata, na wapo watu wazima kibao wanaoishi vizuri bila hiyo.

Alipoanza chekechea tulipewa barua ya ukurasa mmoja ya kumpa mwalimu: akae mbele, apewe muda wa kujibu, asiambiwe arudie neno mbele ya darasa, maelekezo yawe mafupi na la kwanza liishe kabla ya la pili. Vipindi vikapunguzwa, tukaambiwa turudi baada ya muhula mmoja. Mwalimu aliisoma barua hadi mwisho, akauliza kama anaweza kuitumia kwa mtoto mwingine wa darasani mwake. Nikamwambia kila mtoto na barua yake, nikampa namba ya kliniki ampe mzazi huyo, amwambie apige leo kwa sababu foleni ni ndefu, na siku akipata nafasi aende na yule anayeshinda na mtoto.